Makala za sauti kuhusu ukabila na ujirani, Kakamega

Makala za sauti kuhusu ukabila na ujirani ni vipindi vya redio vinavyounganisha mahojiano, sauti za mahali na maelezo ya msimulizi, vikichunguza jinsi jamii zinavyodharauliana na jinsi zinavyoendelea kuishi pamoja. Katika Kaunti ya Kakamega, magharibi mwa Kenya, mazungumzo ya namna hiyo hayakawii kuishia kwenye ardhi.

Ubaguzi wa rangi ulijionyesha wazi hapa baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1931. Sheria ya ardhi ya 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba wakihamishwa watapewa ardhi nyingine. Desemba 1932 serikali ya kikoloni iliibadilisha ili wachimbaji waichukue ardhi kwa fidia ya fedha tu. Mgodi wa dhahabu wa Rosterman, uliokuwa hapo Kakamega, ulifungwa 1952. Kwa kuwa miaka mingi imepita, mtayarishaji wa leo hana budi kuwategemea watoto na wajukuu wa waliohamishwa, pamoja na nyaraka.

Lugari, kaskazini mwa kaunti, ilikuwa na mashamba ya walowezi yaliyogawiwa Waafrika baada ya uhuru. Inapakana na Kaunti ya Uasin Gishu, na huko mpakani Waluhya na Wakalenjin wamejuana sokoni na shambani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ujirani huo ulivunjika sehemu nyingi. Januari 2008 Wakristo wa dhehebu la Quaker walikutana Kakamega kutafuta la kufanya, kisha wakaanza kazi ya upatanisho iliyofika Lugari na Turbo iliyo jirani.

Redio nayo ililaumiwa. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi huo, ilitaja vituo vya lugha za mama miongoni mwa vilivyochochea chuki. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa katika mahakama ya kimataifa ya uhalifu, The Hague, pamoja na mwanasiasa William Ruto. Kesi ilisitishwa tarehe 5 Aprili 2016 bila wao kutangazwa kuwa hawana hatia.

Swali gumu zaidi kwa mtayarishaji ni la lugha. Makala ikirushwa kwa Kiluhya, Mkalenjin anayezungumziwa haielewi. Mulembe FM ya Kiluhya na Kass FM ya Kikalenjin zina wasikilizaji wao. Kiswahili huwafikia wote wawili, ingawa ndicho pia kilichobeba neno “madoadoa”, walivyoitwa waliohesabiwa kuwa wageni Bonde la Ufa. Nchini Burundi, Studio Ijambo, studio ya vipindi vya redio iliyoanzishwa 1995, ilikuwa na waandishi Wahutu na Watutsi waliofanya kazi pamoja. Mpango huo ungefaa sana mpakani mwa Lugari.

Dharau haiji kwa matusi peke yake. Mluhya wa vichekesho vya redio, mlinzi wa usiku anayeota kuku na ugali, huchekwa hata na Waluhya wenyewe, na makala isiyogusa utani huo imeacha nusu ya habari nje.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaadhibu matamshi ya chuki kwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Wahariri wengine hukata kila neno kali, na msikilizaji asijue watu walitukanwa nini. Afadhali neno moja libaki, likifuatwa papo hapo na aliyeumizwa nalo. Shahidi anayehojiwa naye bado anaishi karibu na jirani anayemtuhumu. Kuficha jina hakumfichi, kwa kuwa kijijini sauti yake inajulikana, hivyo idhini yake huombwa tena akishasikia kipindi kilichohaririwa, kabla hakijarushwa.