Watoto Wetu Hospitalini: Habari za Uchunguzi Uliobadili Matunzo Yao



Kila mwaka Halmashauri hutupa kurasa chache za kitabu hiki ili tuandike habari za mambo yaliyopita. Safari hii tumechagua jambo ambalo huenda baadhi ya wazee wakaliona geni katika mahali hapa, nalo ni jinsi watu walivyochunguza, kwa kalamu na kwa hesabu, matunzo wanayopewa watoto wagonjwa hospitalini. Hatukulichagua kwa ajili ya elimu tupu. Atakayefungua hesabu ya Mfuko wa Mazishi ataona kwamba majeneza mafupi bado yamo humo, na kila moja lina jina la mzazi tunayemjua.

Kabla hatujaendelea, yatupasa kukiri jambo moja. Miaka kadhaa iliyopita tulimsindikiza jirani yetu, usiku wa manane, kumpeleka mtoto wake hospitali. Mtoto alikuwa na homa kali na alihema kwa shida. Tulikuta watu wengi kwenye mabenchi, tukachukua kadi ya namba, tukaketi. Mama yake alisimama mara tatu akitaka kwenda mlangoni, na ni sisi tuliomwambia aketi, kwani waliokuja mbele yetu walikuwa na haki yao. Sisi ni makarani. Tumefundishwa tangu shuleni kuheshimu safu. Zamu yetu ilipofika, mtoto alikuwa amekwisha kufa. Hatutaji hospitali ile, wala hatumlaumu mtu aliyekuwa kazini usiku huo, maana hakuna aliyevunja sheria yoyote. Sheria yenyewe ndiyo iliyokuwa mbaya, nasi tuliitii na kumtiisha mwenzetu.

Basi tulipokuja kusoma baadaye kwamba wapo waganga waliokuwa wameichunguza safu hiyo hiyo, tuliona ni wajibu wetu kuwaletea habari zao.

Mwanzo wa mambo haya ni wa zamani. Bibi Florence Nightingale, aliyewauguza askari wa Uingereza katika vita vya Krimea, alikuwa hodari wa hesabu kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 1860, katika mkutano wa wataalamu wa takwimu uliofanyika London, alipendekeza kwamba hospitali zote zitumie karatasi za namna moja kuandika magonjwa na vifo, ili hospitali moja ipate kulinganishwa na nyingine. Miaka hamsini hivi baadaye akatokea huko Boston, Marekani, mpasuaji aitwaye Ernest Codman, ambaye alitaka kila mgonjwa afuatwe baada ya kutoka hospitali ijulikane kama kweli alipona. Wakubwa wake hawakupendezwa. Akafungua hospitali yake ndogo, na katika wagonjwa 337 waliotoka humo kati ya mwaka 1911 na 1916 akatangaza kwa chapa makosa 123. Ni mtu wa ajabu, na hatudhani angedumu katika ofisi nyingi tunazozijua.

Lakini tuje huku Afrika, ambako ndiko watoto wetu waliko.

Katika mji wa Blantyre, nchini Malawi, iko hospitali kubwa iitwayo Queen Elizabeth. Daktari Elizabeth Molyneux na wenzake waliona kwamba watoto wengi waliofia hapo walikufa mapema mno, muda mfupi baada ya kufika, wengine wakiwa bado wanangoja. Dawa zilikuwapo, na waganga walikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuitazama safu yote na kumtoa yule asiyeweza kungoja. Wakapanga upya mapokezi. Mtoto yeyote akifika hutazamwa mara moja: je, anapumua vema? Mikono yake ni baridi na damu yake yazunguka polepole? Amezimia au ana degedege? Amekaukiwa na maji kwa kuhara? Mwenye dalili moja ya hizo huingizwa ndani papo hapo. Anayemfuata kwa udhaifu hutangulizwa mbele ya wengine. Waliobaki ndio wanaongoja zamu. Kazi hiyo ya kutazama haihitaji daktari. Mwuguzi aliyefundishwa aiweza. Habari zao zilizochapishwa mwaka 2006 zasema kwamba kabla ya mpango huo walikuwa wakifa watoto kati ya 10 na 18 katika kila mia waliolazwa, na baada yake wakawa kati ya 6 na 8.

Wazee na wasome tena hesabu hiyo. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuvunja safu.

Hapa Kenya uchunguzi ulitoka hasa Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba, yaani KEMRI, pamoja na wenzao wa Wellcome Trust wa Uingereza, walianzisha kituo mwaka 1989. Kwanza walichunguza malaria na magonjwa mengine ya watoto. Kisha baadhi yao, akiwamo Daktari Mike English, wakaanza kuuliza swali lingine: haya tunayoyajua tayari, je, yanamfikia mtoto aliye wodini? Wakazuru hospitali 14 katika mikoa saba kati ya minane iliyokuwapo siku zile, na mwaka 2004 wakatangaza waliyoyaona. Dawa za kawaida na vipimo vya kawaida vilikuwapo katika hospitali zisizopungua 12. Lakini katika zisizopungua 11, matibabu yafaayo ya utapiamlo yalikuwa nadra au hayakuwapo kabisa, na hali kadhalika chakula cha watoto wachanga. Walipowahoji wafanyakazi waliwakuta ni watu wenye moyo wa kazi, wanaotamani mambo yawe bora. Twapenda jambo hilo likumbukwe na kila mwanachama kabla hajamfokea mwuguzi.

Baadaye, kuanzia mwaka 2006, walifanya jaribio katika hospitali nane za wilaya. Zote nane zilipewa vijitabu vyenye maelezo ya namna ya kutibu, pamoja na mafunzo mafupi. Nne katika hizo zilipewa zaidi ya hapo: mafunzo ya siku tano na nusu, mtu mmoja wa papo hapo hospitalini wa kuwakumbusha wenzake, na wageni waliokuja mara kwa mara kukaa nao na kuwaonyesha ana kwa ana walivyofanya vizuri na walivyokosea. Nne nyingine zililetewa ripoti kwa barua.

Tumeandika barua nyingi za namna hiyo maishani mwetu, nasi twajua ziendako.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Chukueni mfano wa kwinini, dawa ambayo mtoto akizidishiwa humdhuru. Katika hospitali zilizopelekewa barua, watoto kama 7 au 8 katika kila mia waliotibiwa kwa dawa hiyo waliandikiwa kupita kiasi. Katika zile zilizotembelewa, alikuwa mtoto 1 katika mia. Kadhalika dawa ya sindano ya jentamisini: waliopewa kidogo kuliko ipasavyo walikuwa 9 katika mia upande mmoja, na 2 upande wa pili. Kipimo cha dawa ya mtoto chategemea uzito wake. Mtoto asiyewekwa kwenye mizani hukadiriwa kwa macho, na macho ya mtu aliyekesha huona atakavyo.

Sasa twafika kwenye uchunguzi ambao kwa maoni yetu ndio mkubwa kuliko yote, kwa sababu ulionyesha kosa ambalo hakuna aliyelijua kuwa ni kosa. Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haizunguki vema, atiwe maji mengi mshipani kwa haraka. Fundisho hilo lilitoka katika nchi tajiri zenye mitambo ya kila aina, na hapa kwetu halikuwa limepimwa. Daktari Kathryn Maitland wa Kilifi, pamoja na wenzake wa Uganda na Tanzania, waliamua kulipima. Kuanzia mwaka 2009, katika hospitali sita, kila mtoto wa namna hiyo aliingizwa kwa kura katika moja ya makundi matatu: wa kwanza walitiwa maji ya chumvi kwa haraka, wa pili walitiwa maji yenye albumini kwa haraka, na wa tatu walipewa maji ya kawaida, polepole, bila kuharakishwa. Waliokuwa na ugonjwa wa kuhara au utapiamlo mkali hawakuingizwa, maana matibabu yao ni mengine.

Ilikusudiwa kuandikisha watoto 3,600. Lakini mwezi wa Januari 2011, walipofika 3,141, kamati iliyowekwa pembeni kuangalia hesabu ilipendekeza kazi isimamishwe. Ndani ya saa 48 walikuwa wamekufa watoto 10.6 katika kila mia waliotiwa albumini, na 10.5 katika kila mia waliotiwa maji ya chumvi kwa haraka. Katika wale ambao hawakuharakishiwa maji, walikufa 7.3. Kwa maneno mengine, tiba iliyosifiwa iliua watoto kama watatu zaidi katika kila mia. Waganga wengi walikataa kusadiki, na mabishano yakawa makali. Wengine walidhani watoto walijaa maji mapafuni. Hesabu zilipochambuliwa tena ilionekana kwamba waliozidi kufa walikufa hasa kwa moyo na mzunguko wa damu kushindwa. Twamfikiria kila mwuguzi aliyefungulia dripu usiku kwa nia njema, akiamini anaokoa. Hakuwa mzembe. Hakuwa na njia ya kujua, kwa sababu mtoto mmoja akifa huonekana ameuawa na ugonjwa, na ni hesabu ya watoto elfu tatu tu iwezayo kusema vingine.

Mwaka 2013, mwaka ule ule serikali za kaunti zilipoanza kuchukua hospitali hizi, Wizara ya Afya, chama cha madaktari wa watoto na wachunguzi wa KEMRI walianza mtandao wa hospitali zaidi ya 10. Humo, kila mtoto anapotoka wodini, au anapofariki, karani huchukua faili lake na kunakili yaliyomo: uzito uliandikwa? Upumuaji ulihesabiwa? Kipimo cha dawa kilikuwa sawa? Kisha hospitali hurudishiwa hesabu yake mara kwa mara, iangalie ilivyo na wenzake walivyo. Twakiri tulifurahi kusoma kwamba kazi hiyo imewekwa mikononi mwa karani. Mara nyingi kazi yetu hudhaniwa ni ya kuchafua karatasi. Hata hivyo karani hawezi kunakili kisichoandikwa, na faili tupu halimtetei mtoto.

Kwa hayo yote Halmashauri imekubali mambo mawili. Wanachama wanaowatembelea wagonjwa kwa niaba ya Chama wataeleza wazazi kwamba mtoto anayehema kwa shida, aliyezimia au mwenye degedege asiketishwe kwenye benchi, bali mzazi apite moja kwa moja kwa mwuguzi na kusema kwa sauti, hata kama karani wa mlangoni atakasirika. Na mizani ya watoto imenunuliwa kwa akiba ya mwaka huu ili ipewe zahanati iliyo karibu na makazi yetu, ambako ya zamani ilivunjika. Bei yake imo katika hesabu za Mweka Hazina, mstari wa mwisho kabla ya Mfuko wa Mazishi.