Sufuri, Zidaka na Debe: Historia ya Mapambo ya Nyumba Zetu

Ukiingia katika nyumba ya Mswahili hapa Uingereza, awe ametoka Unguja, Mombasa, Lamu au hata Bujumbura, si ajabu ukakuta kitu cha shaba juu ya kabati. Aghalabu ni dele la kahawa lisilotiwa kahawa tena, au sinia lililoegemezwa ukutani, au mrashi uliokauka marashi yake zamani. Vijana wetu waliozaliwa huku huviona vitu hivi kuwa ni fasheni, kwa sababu maduka ya samani ya huku nayo yanauza mapambo ya rangi ya shaba na dhahabu, na majarida yanawafundisha watu namna ya kuokota kitu kikuukuu wakakigeuza pambo. Fasheni yao tunawaachia wenyewe. Katika ukurasa huu tungependa kuonyesha kwamba watu wa pwani yetu wamelifanya jambo hili kwa karne nyingi, na kwamba ndani yake mna habari za biashara, za vita na za kugombania mali, na ugomvi huo bado haujakwisha.

Tuanze na neno lenyewe. Sote tunasema sufuria, na leo sufuria ni ya alumini. Lakini asili ya neno ni Kiarabu, sufr, yaani shaba ya manjano, na ndugu yake ni asfar, rangi ya manjano. Mshairi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipoyalilia majumba ya Pate yaliyokufa, alitaja taa za kioo na za sufuri zilizokuwa zikiyang'arisha. Kwa hivyo kila tunaposema sufuria tunataja shaba bila ya kujua, hata kama chombo kimetoka kiwandani juzi.

Sisi wahandisi tunaipenda shaba ya manjano kwa sababu si madini ya kuchimbwa tu, ni mchanganyiko, na mchanganyiko wake ni mgumu. Kwa kawaida huwa shaba nyekundu kiasi cha theluthi mbili na zinki theluthi moja. Shaba nyekundu huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za joto. Zinki huchemka na kuwa mvuke kwenye nyuzi 907. Maana yake ni kwamba kabla shaba haijayeyuka, zinki imeshapaa angani. Mafundi wa kale walilazimika kuifungia shaba ndani ya chungu pamoja na mawe ya zinki na makaa, ili mvuke uingie ndani ya shaba usipate pa kutorokea. Wahindi wa Zawar, huko Rajasthan, walijua kuigeuza zinki kuwa mvuke na kuikusanya tena karne kadhaa kabla ya Waingereza, ambao walipata hataza ya kazi hiyo mwaka 1738. Pwani yetu ilikuwa na shaba nyekundu, na masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba, lakini vyombo vingi vya manjano vilikuja na majahazi ya kaskazi kutoka upande wa India na Arabuni. Vilikuwa vitu vya kununuliwa, vya ghali, na ndiyo maana viliwekwa mahali pa kuonekana.

Shaba hiyo haikubaki pwani. Misafara iliyokwenda Tabora, Ujiji na hata Manyema katika karne ya 19 ilibeba mambo matatu makubwa: nguo za merikani, ushanga na masango. Masango ni nyaya nene za shaba. Mpagazi alizibeba zikiwa zimezungushwa kama mizinga, na huko bara zilinunua chakula na pembe, kisha mafundi wa huko wakazigeuza bangili na mapambo ya shingo. Waya ulikuwa fedha, na fedha ikawa pambo. Wazungu walipojenga reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901, wakatandaza na waya wa simu kando yake, Wanandi waliuona waya huo kwa macho hayo hayo. Waliukata wakaufanya mapambo, na misumari mikubwa ya reli wakaifanya silaha. Serikali ya Kiingereza ikauita wizi. Wanandi waliona kwamba reli imepita katika ardhi yao bila idhini yao, na vita vile havikuisha mpaka kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa mwaka 1905. Watu wanaodhani kwamba kugeuza vitu kuwa mapambo ni mchezo wa siku za mapumziko waikumbuke habari hii.

Sasa turudi pwani, kwenye kuta. Kabla ya watu kupamba kwa shaba, walipamba kwa vyombo vya kula. Bakuli za Kichina, zilizotengenezwa kwa ajili ya chakula na kusafirishwa kwa sababu hiyo, wazee wetu walizizamisha ndani ya chokaa. Ziko Gede, katika mihrabu ya msikiti mkuu. Kilwa, msikiti mdogo wenye kuba umepambwa kwa bakuli ndani ya dari yake. Kunduchi na Mambrui ziliwekwa katika nguzo za makaburi, na matundu ya zile zilizong'olewa yanaonekana mpaka leo. Walioziiba wengine walikuwa watalii, na wengine hawakuwa watalii.

Katika majumba ya Lamu na Pate ya karne ya 18, sanaa hii ilifika kileleni kwa zidaka. Asiyeziona azifikirie hivi: ukuta mzima wa chumba cha ndani umechongwa vishubaka kwa safu, vimepakwa chokaa nyeupe laini, na katika kila kimoja mna sahani, bakuli au chombo cha shaba. Vitabu vingi vinasifu uzuri wake. Sisi tungependa kuongeza la ufundi. Majumba yale yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, na dari ilibebwa na boriti za mikoko, ambazo haziwezi kuvuka nafasi kubwa zaidi ya mita 3 hivi. Kwa hivyo chumba kilikuwa chembamba na kirefu, na vyumba vilipangwa kimoja nyuma ya kingine kuanzia uani. Mwanga uliingia kutoka uani tu. Kufika chumba cha ndani ulikuwa umeshachoka. Ukuta mweupe, kauri inayong'aa na shaba iliyosuguliwa vilikuwa ndivyo vya kuudaka mwanga huo kidogo na kuurudisha chumbani, na usiku taa moja ya mafuta ikafanya kazi ya taa tatu. Pambo lilikuwa sehemu ya mfumo wa taa wa nyumba. Mtu anayebandika zidaka za plasta katika hoteli yenye madirisha ya vioo kila upande amechukua sura akaacha kazi yake.

Lilikuwapo na jingine ambalo si la ufundi. Mtafiti Linda Donley-Reid, aliyefanya kazi Lamu, aliandika kwamba sahani hizo zilikuwa kinga ya husuda: jicho baya likiingia, sahani hulipokea na kupasuka, watu wakasalimika. Bibi zetu wangemwambia hayo bila ya utafiti.

Unguja ilikuwa na mtindo wake. Binti wa Sultani, Sayyida Salme, aliyeondoka Zanzibar mwaka 1866 na kuandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani zikatoka mwaka 1886, ameeleza jinsi kuta za vyumba zilivyogawanywa kwa mashubaka marefu yaliyojaa vyombo vya kioo na kauri, na baina yake vioo vikubwa na saa za ukutani. Kaka yake, Sayyid Barghash, aliwahi kuhamishiwa Bombay baada ya kushindwa kuipindua serikali ya Majid mwaka 1859. Alipotawala, kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga Beit al-Ajaib, mwaka 1883, jumba lenye nguzo za chuma cha kumimina, milango iliyochongwa aya, na baadaye umeme na lifti. Mbele yake iliwekwa mizinga miwili ya zamani ya shaba yenye maandishi ya Kireno. Silaha ya adui wa kale imekuwa pambo la mlangoni. Hatujui mfano ulio bora zaidi wa kugeuza kitu. Jumba lenyewe liliponea mabomu ya Waingereza mwaka 1896, kisha sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Disemba 2020 wakati likikarabatiwa, na watu wawili wakafa. Nguzo za chuma cha kumimina hubeba mzigo wa kushuka vizuri sana, lakini hazivumilii kuvutwa wala kupindwa, na maji ya mvua yakiingia ukutani miaka na miaka hayamwonei haya Sultani.

Kuhusu milango ya Unguja, kila mgeni huambiwa kwamba misumari yake mikubwa ya shaba ilikuwa ya kuzuia tembo wa vita wa India. Huenda huko India ndiko ilikoanzia, lakini Mji Mkongwe haukuwa na tembo wa kusukuma milango. Huku ilikuwa ni fahari. Kitovu cha shaba kilisuguliwa na mtumishi, na barazani watu wakajua nani ana watumishi. Makasha nayo vivyo hivyo: yale tunayoyaita makasha ya Zanzibar, yenye njumu na vibati vya shaba, mengi yalitengenezwa pwani ya magharibi ya India yakaja kwetu kama sanduku la safari au la mahari. Leo yamekuwa meza za chai London na Maskati.

Hatutaki kuandika kana kwamba mapambo yalikuwa ya matajiri tu. Mwenye karne ya 20 alikuwa debe. Bati la mafuta ya taa, la galoni nne, lilipokwisha mafuta halikutupwa. Lilikuwa kipimo cha mahindi, ndoo ya maji, chungu cha maua kibarazani, na lilipopasuliwa na kunyooshwa likawa paa. Vipande vidogo vilikuwa koroboi. Lilipigwa ngomani pia, na kutokana na mlio wake tumepata kupiga debe, maneno ambayo wanasiasa na makondakta wanagombania mpaka sasa. Upatu nao ni hivyo. Ni sinia la shaba la kupigwa katika ngoma, na jina hilo hilo ndilo wanaloliita akina mama wa hapa mchezo wao wa kuchangiana fedha kila mwezi. Ikiwa tutapanga historia yetu kwa vyombo, basi debe na upatu vikae safu moja na bakuli za Kichina.

Tumefika kwenye ugomvi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, watu wengi wa Unguja waliondoka na walichoweza kubeba, na majumba mengi yakataifishwa. Milango, makasha na vyombo vilivyobaki viliuzwa kwa bei ya kuni, na vingine kweli vilikuwa kuni. Lamu hakukuwa na mapinduzi, lakini umaskini ulifanya kazi ile ile polepole: nyumba inavuja, boriti zimeoza, mwenye nyumba anauza mlango apate chokaa. Kenya ilitunga sheria mwaka 1983, ikaipya mwaka 2006, na ndani yake mlango au fremu iliyochongwa kabla ya mwaka 1946 ni kitu kinacholindwa, hakitolewi nchini bila kibali. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Hata hivyo milango imeendelea kusafiri, na wanunuzi si Wazungu peke yao. Ni sisi. Tunatuma fedha nyumbani, tunajenga au tunanunua nyumba huku, kisha tunataka kipande cha kwetu ukutani. Mlango uliong'olewa ukawekwa sebuleni Dubai umependeza, lakini Lamu kuna tundu lililozibwa kwa matofali ya saruji, na ukuta uliobanwa na saruji unashindwa kupumua kama wa chokaa, chumvi inaula kwa ndani. Sisi tunaona afadhali kumlipa fundi wa Lamu achonge mpya. Mafundi wapo, na wapo wanaotengeneza vitanda na meza kutokana na mbao za majahazi yaliyokwisha maisha yao, ambazo hazimpunguzii mtu nyumba yake.

Vilivyo mikononi mwetu tayari tuvitunze vizuri. Kutu ya kijani ya shaba hutoka kwa ukwaju au ndimu na majivu kidogo, kwa sababu tindikali huila kutu kabla haijaila shaba. Suuza haraka na ukaushe. Mashine ya kusugulia usiitumie, inafuta nakshi. Chombo cha shaba ambacho bati lake la ndani limekwisha kisitiwe chakula chenye tindikali, hata kwa mzaha wa sikukuu, kiache kabatini. Na sufuria zile za alumini zilizomiminwa kwa vyuma chakavu, ambazo baadhi yetu huzinunua nyumbani kwa mapenzi, ziwe za kupambia tu: utafiti uliofanywa kwa sufuria za namna hiyo kutoka Kameruni, ukachapishwa mwaka 2014, ulikuta risasi ikitoka na kuingia katika chakula.

Jingine ni kalamu na karatasi. Nyuma ya kila kasha au ndani ya kila dele, tia kijikaratasi kilichoandikwa lilikuwa la nani, lilitoka nyumba gani na mtaa gani, na lilifika huku mwaka gani na kwa njia gani. Wanaokumbuka wako hai bado, na wengi wao wana simu.