Kihispania kwa anayeanza: nyakati za vitenzi na kulinganisha

Msikilizaji, Kihispania ni lugha rasmi ya Hispania, ya nchi nyingi za Amerika ya Kusini na ya Kati, na ya jirani yetu wa bara hili, Guinea ya Ikweta. Tena, pamoja na Kiswahili, ni miongoni mwa lugha rasmi za Umoja wa Afrika. Anayejua Kiswahili ana pa kuanzia, kwa sababu lugha zote mbili huonyesha mtenda na wakati ndani ya kitenzi. Sisi huviweka mwanzoni, wao huviweka mwishoni.

Nyakati

Tuchukue pagar, yaani kulipa.

- Sasa: pago (ninalipa), pagas (unalipa), paga (analipa), pagamos (tunalipa), pagan (wanalipa).
- Uliopita: pagué, hutamkwa "page" (nililipa), pagaste (ulilipa), pagó (alilipa), pagamos (tulilipa), pagaron (walilipa).
- Ujao: voy a pagar (nitalipa), va a pagar (atalipa).

Pagamos haibadiliki, kwa hiyo ongeza hoy (leo) au ayer (jana).

Chunga mkazo

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ukikaza hivyo kwenye pagó, inakuwa pago. Ulitaka kusema "alilipa", mwenye duka amesikia "ninalipa", na sasa anasubiri utoe pesa. Alama iliyo juu ya ó inakuambia ukaze mwisho. Ukiandika ujumbe, bonyeza herufi o bila kuachia, na simu nyingi zitakuonyesha ó.

Kulinganisha

- Zaidi: Juan es más alto que Pedro, Juan ni mrefu kuliko Pedro. Que, hutamkwa "ke", ndiyo "kuliko" yetu. Sisi twasema "mrefu" tu, wao lazima watangulize más.
- Pungufu: menos alto que, hafikii urefu wa.
- Sawa: tan alto como, mrefu sawa na.
- Bora kuliko ni mejor que, mbaya kuliko ni peor que. Hapa usiweke más.
- Kwa idadi, que huwa de: más de 10, zaidi ya 10.

Zoezi la leo

Sema kwa sauti: Ayer pagué más que Juan. Jana nililipa zaidi ya Juan. Kisha sema kwamba Juan ndiye aliyelipa zaidi ya Pedro: Ayer Juan pagó más que Pedro. Mkazo uangukie mwisho wa pagó.