Vizalia, si Mazao wala Mabaki

Mjini Mbinga ukitaja "zao" unaeleweka mara moja: kahawa. Ina msimu wake, mizani yake na bei yake. Ndiyo maana inaudhi kusoma kwamba kemikali zinazotokea klorini inapokutana na uozo wa majani ndani ya maji ziitwe "mazao ya ziada ya uuaji wa vijidudu". Nani amezipanda? Nani anazivuna? Walioipitisha tafsiri hiyo walichungulia kamusi tu. Ndoo ya maji hawakuichungulia.

Wenye haraka zaidi huandika "mabaki ya klorini". Hilo ni kosa la hatari. Mabaki ya klorini ni klorini yenyewe, iliyosalia na nguvu baada ya kuua vijidudu, na fundi wa maji huitafuta kwa makusudi. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale maji yanapomfikia mtumiaji. Mpishi akishaambiwa kwamba mabaki yanadhuru, ataacha kutia dawa, katika nchi ambayo kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa mikoa mingi.

Neno linalofaa ni "vizalia". Mzizi ni -zaa, ule ule wa zao, ila kauli ya kutendea ndiyo inayobeba maana: mzalia ni mtu aliyezaliwa papo hapo, hakuhamia. Mtoe kwenye ngeli ya watu, mtie kwenye ki-/vi-, unapata kitu kilichozaliwa mle mle majini. Na ndivyo ilivyo. Klorofomu, mojawapo ya kemikali hizo, hakuimimina mtu. Johannes Rook, aliyekuwa akipima maji ya Rotterdam, Uholanzi, alieleza mwaka 1974 kwamba huzaliwa klorini inapoingiliana na masalia ya mimea yaliyoyeyuka majini. "Mazao" hayalisemi hilo, na "mabaki" yanasema kinyume chake. Kuna wanaolikataa "vizalia" eti linakumbusha wodi ya wazazi. Mazao nayo yametoka kwenye kitenzi gani?

Anayetaka kuona uzito wa jambo hili aende Ruanda ya huku Mbinga, kwenye barabara ya Kitai hadi Lituhi, kunakopita malori ya makaa ya mawe ya Ngaka. Mvua zikikolea, maji ya mto hugeuka rangi ya chai. Mama ntilie akishatia dawa ndoo moja, maji hayo hayo yanapika wali, yanaosha usipa, yanasuza nyanya za kachumbari. Wali unayanywa yote, na kachumbari haioni moto. Kwa hiyo vizalia huingia tumboni kwa sahani pia, si kwa glasi peke yake. Klorofomu huchemka kwenye nyuzi 61 za Selsiasi, hivyo sufuria iliyofunuliwa huipunguza; asidi za haloasetiki, ambazo nazo ni vizalia, hazipandi na mvuke, hubaki chunguni.

Kwa matumizi: maji yachujwe kwa kitambaa safi, yaachwe yatuame, ndipo yatiwe dawa kwa kipimo, bila kuiacha dawa yenyewe. Na ile ya majimaji isiwekwe juani wala isilimbikizwe miezi mingi, maana kloreti, kizalia kingine, huanza kujitengeneza humo chupani kabla kifuniko hakijafunguliwa.