Krismasi ya Wanaongojewa

Jioni ya tarehe 1 Desemba 1863, mshairi Henry Wadsworth Longfellow alikuwa mezani nyumbani kwake Cambridge, Massachusetts, telegramu ilipoingia. Mwanawe mkubwa, Charles, luteni wa miaka 19 katika kikosi cha wapanda farasi, alikuwa amepigwa risasi huko Virginia, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, siku nne zilizopita, na jeraha lilikuwa baya. Longfellow hakukawia. Alimchukua mwanawe wa pili, Ernest, wakafunga safari ya Washington, mji ambako majeruhi wa mapigano ya Virginia walikuwa wakipelekwa kwa maelfu.

Shairi aliloliandika baada ya safari hiyo leo ni wimbo. Kila mwaka, Krismasi inapokaribia, stesheni ya redio ya WASH, masafa ya 97.1 FM, huweka kando muziki mwingine wote ikapiga nyimbo za sikukuu mfululizo, na wakazi wa Washington na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia hupika, huendesha magari na kufunga zawadi wakizisikiliza. Wengine wana orodha zao kwenye simu. Baadhi ya nyimbo hizo zina historia iliyopita katika mji huu wenyewe, na ukizifuatilia moja moja, mara nyingi utakuta nyuma yake kuna mtu anayengojewa arudi nyumbani.

Charles Longfellow alikuwa ameondoka kwao bila ruhusa. Machi mwaka ule, akiwa na miaka 18, alipanda treni hadi Washington ili ajiunge na jeshi la Kaskazini, na afisa aliyemwendea ndiye aliyemwandikia baba kuomba ridhaa yake. Ridhaa ilitolewa. Mama hakuwepo tena wa kuulizwa. Fanny Longfellow alifariki Julai 1861 baada ya gauni lake kushika moto, na mumewe aliungua akijaribu kuuzima. Zile ndevu ndefu tunazoziona katika picha zake zote za uzeeni alizifuga kufunika makovu ya siku ile. Kwa hiyo mtu aliyekuwa ndani ya treni ile ya Desemba alikuwa mjane mwenye watoto watano, na hakujua kama yule wa kwanza kati yao angemkuta hai.

Waliingia Washington tarehe 3. Siku iliyotangulia, mafundi walikuwa wamepandisha kipande cha mwisho cha sanamu ya Uhuru juu ya kuba la jengo la Bunge. Mizinga 35 ilipigwa kwa shangwe, na ngome zilizouzunguka mji zikaijibu. Sanamu yenyewe ilisubuliwa katika kiwanda cha Clark Mills, na miongoni mwa waliofanya kazi hiyo ngumu alikuwamo Philip Reid, aliyeianza akiwa mtumwa na kupata uhuru wake Aprili 1862, sheria ilipowakomboa watumwa wa Washington. Wakati kuba likipambwa, chini yake mji ulikuwa umejaa vitanda vya wagonjwa. Makanisa yaligeuzwa hospitali, hata jengo la serikali la hataza liliwahi kupokea majeruhi. Mwaka mmoja kabla, mshairi mwingine, Walt Whitman, alikuja hapo akimtafuta mdogo wake George. Alimkuta kambini Virginia na jeraha dogo tu, lakini yale aliyoyaona njiani yalimfanya abaki Washington miaka mingi, akizunguka wodi kwa wodi, akiwaandikia askari barua za kwenda kwa mama zao.

Longfellow alingoja. Tarehe 5 treni ilimleta Charles. Risasi ilikuwa imeingia bega la kushoto, ikapita mgongoni, ikagusa uti wa mgongo na kutokea upande wa kulia. Daktari wa kwanza aliwatia hofu kwamba kijana angeweza kupooza. Wenzake waliofuata walisema atapona, ila ingechukua miezi mingi. Tarehe 8 baba na wanawe wawili walikuwa wamefika nyumbani Cambridge, na siku ya Krismasi, mgonjwa akiwa ndani ya nyumba, Longfellow aliandika shairi linaloitwa “Christmas Bells”, ambalo waimbaji hulijua kama “I Heard the Bells on Christmas Day”.

Shairi hilo linaanza na kengele za makanisa, kisha mizinga ya Kusini inaziba sauti yake, mshairi anainamisha kichwa kwa kukata tamaa, halafu kengele zinarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Lilichapishwa Februari 1865 katika gazeti la watoto, vita vikiwa bado miezi miwili kwisha. Mwaka 1872 Mwingereza John Baptiste Calkin alilitungia sauti, na mwaka 1956 Johnny Marks, yuleyule aliyetunga wimbo wa kulungu Rudolph, aliliandikia muziki mpya ambao Bing Crosby aliurekodi. Katika kusafiri huko, beti za mizinga zilianguka njiani. Vitabu vingi vya nyimbo havina hata mstari mmoja wa vita. Naona ni hasara kubwa. Matumaini ya mwisho wa shairi yana uzito kwa sababu yametanguliwa na sauti ya bunduki, na aliyeyaandika alikuwa na kijana mwenye tundu mgongoni katika chumba cha pili. Charles alipona. Hakurudi vitani. Aliishi hadi 1893, akasafiri dunia, akakaa Japani kwa muda mrefu.

Ng'ambo ya mto Potomac, katika Alexandria, kuna seminari ya Kianglikana ambayo wakati wa vita hivyo nayo iligeuzwa hospitali ya jeshi la Kaskazini. Mmoja wa wanafunzi wake, Phillips Brooks, alikuwa amehitimu mwaka 1859. Alikuja pale kutoka Boston, ambako hapakuwa na watumwa, akasomea theolojia katika mji uliokuwa na wafanyabiashara wa watumwa wenye maghala na vyumba vya kufungia watu. Baadaye, akiwa mchungaji Philadelphia, alihubiri waziwazi dhidi ya utumwa. Vita vilipokwisha alikwenda Nchi Takatifu, na mkesha wa Krismasi wa 1865 alipanda farasi kutoka Yerusalemu hadi Bethlehemu. Miaka mitatu baadaye aliwaandikia watoto wa shule yake ya Jumapili wimbo kuhusu mji ule mdogo aliouona usiku, “O Little Town of Bethlehem”. Mpiga kinanda wake, Lewis Redner, ndiye aliyeutia sauti.

Wimbo huo ulirudi kando ya Potomac kwa namna ambayo Brooks asingeiwaza. Tarehe 22 Desemba 1941, wiki mbili baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, Winston Churchill alitua Washington na kukaribishwa kulala Ikulu. Mkesha wa Krismasi alisimama na Rais Franklin Roosevelt kwenye roshani ya kusini kuwasha taa za mti wa taifa. Desturi hiyo ilianza mwaka 1923, Calvin Coolidge alipobonyeza kitufe na kuwasha balbu 2,500 kwenye mti wa futi 48 ulioletwa kutoka Vermont. Mwaka 1941 mti ulisimamishwa ndani ya uwanja wa Ikulu kwa mara ya kwanza, na maelfu walipita getini kuuona. Churchill aliwaomba watu wazima wawaachie watoto usiku ule wa furaha, kisha warudi kwenye kazi nzito ya mwaka unaokuja.

Asubuhi yake wakubwa hao wawili walikwenda ibada katika kanisa la Methodisti la Foundry, barabara ya 16. Hapo Churchill aliimba wimbo wa Brooks. Katika kumbukumbu zake za vita aliandika kwamba nyimbo nyingine alizijua, ila huo hakuwahi kuusikia, na kwamba alipata utulivu katika ibada ile nyepesi. Kesho yake alilihutubia Bunge la Marekani. Siku hiyohiyo ya Krismasi, katika kipindi chake cha redio, Bing Crosby aliimba hadharani kwa mara ya kwanza “White Christmas” ya Irving Berlin, Myahudi aliyeletwa Marekani mtoto kutoka Urusi, na ambaye mwanawe mchanga alifariki siku ya Krismasi ya 1928. Wimbo huo ungekuwa kipenzi cha askari waliokuwa mbali na kwao.

Msomaji wa Afrika Mashariki akumbuke kwamba Krismasi ile ya 1941 ilikuwa ya kungojea katika vijiji vyetu pia. Mwezi mmoja kabla, askari wa KAR, jeshi la wakoloni Waingereza la Afrika Mashariki, walikuwa katika mapigano ya Gondar, Ethiopia, ngome ya mwisho ya Waitalia kuanguka. Vita viliendelea, na mbele yao kulikuwa na Burma. Huko Washington mti wa taifa haukuwashwa taa tena mwaka 1942, wala 1943, wala 1944.

Wimbo unaopendwa sana na Wamarekani Weusi wa mji huu ni wa aina nyingine kabisa, na chanzo chake ni Chuo Kikuu cha Howard. Donny Hathaway alizaliwa Chicago mwaka 1945, akalelewa St. Louis na bibi yake, mwimbaji wa injili, akaanza kuimba kanisani akiwa mtoto mdogo sana. Mwaka 1964 alipata ufadhili wa kusomea muziki Howard. Siku za masomo alijifunza muziki wa Ulaya, usiku alipiga kinanda klabuni na bendi ya mwanafunzi mwenzake, mpiga ngoma Ric Powell. Chuo hichohicho ndicho kilichomlea Roberta Flack wa Arlington, aliyeingia akiwa na miaka 15 tu, na ambaye baadaye angeimba na Hathaway nyimbo zilizowapa wote wawili sifa ya dunia. Hathaway aliondoka mwaka 1967 kabla ya kuhitimu, kazi zikimwita.

Mwaka 1970, huko Chicago, aliingia studio na wimbo “This Christmas”, aliouandika pamoja na Nadine McKinnor, mfanyakazi wa posta aliyekuwa akitunga nyimbo pembeni. Powell alikuwepo. Amesimulia baadaye kwamba Hathaway alijua vizuri anachokitaka: wakati ule Krismasi ya redioni haikuwa na nafasi kubwa kwa watu weusi, naye alitaka wimbo ambao wangeuona wao wenyewe ndani yake. Ukiusikiliza utaelewa. Tarumbeta zinaingia kama watu wanaofika mlangoni kwa pamoja, besi inatembea, na sauti iliyokomazwa kanisani inaimba mapenzi, moto wa sebuleni na sherehe ya usiku huu, bila majonzi yoyote. Hakuna anayengojewa. Wote wamefika. Ulipotoka haukupata umaarufu mkubwa. Ulipanda polepole, hasa ulipoingizwa mwaka 1991 katika toleo jipya la mkusanyiko wa nyimbo za Krismasi za muziki wa soul, na Hathaway hakuwepo kuona, kwani alifariki New York Januari 1979 akiwa na miaka 33. Siku hizi wasanii wengi mno wameurudia. Kwenye kumbi za Maryland ambako Wakenya na Watanzania hukusanyika sikukuu, hupigwa katikati ya kwaya za nyumbani na rumba, na wazee kwa vijana huujua.

Lakini kwa mtu wa kwetu anayeishi huko, Krismasi ina saa yake. Mchana wa saa sita Washington ni saa mbili usiku Nairobi na Dar es Salaam. Simu zisipopigwa asubuhi, watoto wa nyumbani watakuwa wamelala. Ndiyo maana nashawishika kwamba wimbo mwingine wa mtoto wa Washington, wa mtu aliye mbali anayetamani kurudi nyumbani, ungestahili kujulikana zaidi kwetu.

Marvin Gaye alizaliwa katika mji huo tarehe 2 Aprili 1939, akakulia humo, mtoto wa mhubiri. Mdogo wake Frankie alipelekwa Vietnam, na aliyoyasimulia yalichangia albamu “What's Going On” ya 1971. Tarehe 1 Mei 1972 Washington ilimtangazia siku yake, akaimba kwenye ukumbi wa Kennedy Center. Mwaka huohuo, akiwa na mtunzi Forest Hairston, alirekodi “I Want to Come Home for Christmas”, akiimba kwa nafsi ya mateka wa vita anayetamani kuwa na familia yake sikukuu. Wakati huo mamia ya Wamarekani walikuwa wafungwa Vietnam Kaskazini, na kuanzia tarehe 18 Desemba ndege za Marekani zilikuwa zikiipiga Hanoi mabomu, zikapumzika siku ya Krismasi tu na kuendelea.

Kampuni ya Motown haikuutoa wimbo huo. Mkataba wa amani ulitiwa saini Paris tarehe 27 Januari 1973, na kati ya Februari na Aprili mateka 591 walirudishwa makwao, wimbo ukiwa kabatini. Ulitolewa mwaka 1990, miaka sita baada ya Gaye kuuawa. Redio haziupigi sana. Katika orodha yangu nimeuweka mara tu baada ya “This Christmas”, maana anayetoka kuucheza ule wa Hathaway na wenzake ukumbini ndiye atakayeuelewa huu vizuri zaidi.