Mahame ya Mlango wa Mto Ozi

Mpenzi wa tungo akimtaja Fumo Liyongo, humkumbuka amepiga goti kisimani, upinde u mkononi, na mji mzima una kiu kwa kuwa hapana athubutuye kumkaribia. Alikwisha kufa, nao walidhani angali hai. Ndivyo isemavyo hadithi aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870, na ndivyo alivyoitunga Muhammad Kijuma wa Lamu katika utenzi wake wa 1913. Lakini ni wangapi kati yetu waulizao kisima hicho kilikuwa katika mji gani?

Masimulizi humtaja Liyongo kuwa mtu wa Shaka. Mahame ya Shaka yako karibu na Kipini, pale Mto Ozi uingizapo baharini maji ya Tana. Na Kipini kwenyewe wenyeji huonyesha mahali wasemapo ni kaburi lake. Jirani za Shaka ni Mwana, na Ungwana ulio mkubwa wao: ukuta wa mji, makaburi, na msikiti wa Ijumaa wenye majengo mawili yaliyopakana, la kale na la baadaye. James Kirkman aliufukua, akatoa kitabu chake mwaka 1966. Katika miaka ya 1980 akaja George Abungu, akaonyesha kuwa watu walikaa hapo tangu karne ya 10.

Wengi waliotangulia waliyatazama magofu haya wakiupa mto kisogo. Waliziona kauri za Uchina, wakawatafuta wajenzi ng'ambo ya bahari. Abungu aliufuata mto kwenda bara, akachunguza jinsi watu wa delta na wa bonde la juu walivyohusiana. Lugha nayo yashuhudia: Kiswahili na Kipokomo, kisemwacho kandokando ya Tana, ni ndugu wa tumbo moja.

Sisemi kuwa sururu ya wachimbuzi imemwona Liyongo, haikumwona. Utenzi hautupi tarehe, wala jiwe halitwambii mama alimlilia vipi mwanawe. Kila kimoja chakijua kile ambacho mwenziwe hakijui. Utenzi tumeuhifadhi vifuani. Mahame tumeyaachia mizizi na mvua. Zikianguka kuta hizo, beti zitabaki, lakini Liyongo atakuwa mtu asiye na kwao.