Mwanamieleka aliyewakutanisha madaktari mezani

Mwaka 1944, wodi za hospitali ya kijeshi ya Madigan, jimbo la Washington nchini Marekani, zilikuwa zimejaa askari waliorudishwa kutoka vitani. Vidonda vya wengi vilikwishafunga, ila maumivu hayakuondoka. Waliokatwa miguu walilalamika kuumwa vidole ambavyo hawanavyo tena. Daktari wa usingizi na ganzi aliyekabidhiwa kuwatuliza, John Bonica, alikuwa kijana wa miaka 27. Sindano yake ilisaidia kwa saa chache. Ganzi ikiisha, kilio kilirudi palepale.

Bonica alizaliwa katika kisiwa cha Filicudi, Italia, akahamia New York na wazazi wake akiwa mtoto. Ada ya udaktari aliitafuta ulingoni kwa kupiga mieleka, uso kaufunika kwa barakoa ili siri isifike hospitalini. Mieleka ilimsomesha, lakini ilimvunjavunja: mabega na nyonga zilipasuliwa mara kadhaa, na alizeeka akiwa na maumivu makali. Alijua mwenyewe maana ya kuumwa.

Pale Madigan hakuvumbua dawa. Kila aliposhindwa na mgonjwa alimwendea daktari wa mifupa, wa mishipa ya fahamu, wa magonjwa ya akili, akakuta kila mmoja anajua kipande chake tu. Akaanza kuwakutanisha wakati wa chakula cha mchana, wanakula huku wakimjadili mgonjwa mmoja kwa pamoja. Mwaka 1947 aliuhamishia utaratibu huo Tacoma, na mwaka 1953 akatoa kitabu cha kurasa zaidi ya 1,500 kuhusu tiba ya maumivu. Kwangu mimi, meza ile ya chakula ina uzito zaidi kuliko kitabu.

Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, mwanasaikolojia Wilbert Fordyce aliongeza jambo jingine. Dawa ilitolewa kwa kufuata saa, si kwa kungoja mgonjwa alie. Ilichanganywa na sharubati yenye ladha ileile, na kipimo kikapunguzwa polepole huku mgonjwa akiongezewa mazoezi.

Sayansi nayo ilikuwa ikisogea. Mwaka 1965 watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba uti wa mgongo una namna ya lango linaloweza kupunguza au kuongeza taarifa za maumivu kabla hazijafika kwenye ubongo, na kwamba ubongo wenyewe hulifunga au kulifungua. Hapo kukanda, joto, hofu na utulivu vikapata maelezo ya kitabibu. Mwaka 1971 mwandishi wa New York Times, James Reston, alipasuliwa kidoletumbo akiwa Beijing, akatulizwa maumivu ya baada ya upasuaji kwa sindano za Kichina kwenye kiwiko na chini ya magoti. Habari aliyoiandika iliwafanya Wamarekani wengi waulizie tiba hiyo. Mwaka 1979 mwanasayansi Jon Kabat-Zinn akaanza kuwafundisha wagonjwa wa Massachusetts kutafakari na kunyoosha viungo.

Kisha vidonge vikapita mbele. Kampuni za bima ziliona ni nafuu kulipia dawa kuliko timu ya wataalamu. Mwaka 1996 dawa kali ya maumivu iitwayo OxyContin iliingia sokoni, na mwaka 2007 kampuni iliyoitengeneza ilikiri mahakamani kwamba dawa hiyo ilinadiwa kwa udanganyifu kuhusu hatari ya uraibu. Kufikia hapo maelfu walikuwa wamezikwa.

Mwaka 2017 chama cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani kilishauri kwamba anayeumwa mgongo kwa muda mrefu aanze na mazoezi, sindano za Kichina, yoga au kutafakari kabla ya vidonge. Ushauri huo hauhusu saratani, na haumpi yeyote ruhusa ya kumwachisha mgonjwa dawa za hospitali.

Huku kwetu anayeumwa mgongo mwaka wa tatu bado huondoka na karatasi ya diklofenaki, na picha ya eksirei ikiwa safi huambiwa hana tatizo. Tangu Januari 2022, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayatambua maumivu sugu kama ugonjwa wenye namba yake. Daktari anaweza kuiandika kwenye faili hata picha isipoonyesha kitu.